Chura wa Mama Righa

Mama Righa alipiga simu ya waya asubuhi na mapema kulalamika juu ya kelele, na Wakesho alipofika alimkuta amesimama mlangoni na ufagio mkononi, kama mtu aliyejiandaa kumchapa mgeni.

"Jana mchana kutwa, na leo tena," alisema. "Mlango usiotiwa mafuta. Nimepaka mafuta milango yangu yote, hata wa choo. Bado unalia."

"Labda ni ndege, mama."

"Ndege namjua. Huyu analia chini, kwenye nduma zako."

Aliziita nduma za Wakesho kwa sababu Wakesho ndiye aliyemshawishi azipande. Ilikuwa ndiyo kazi yake. Idara ya Marejeo ilimwajiri kuwa mhamasishaji wa bustani katika kilima kizima cha Ghombonyi, na kwa miaka alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiomba mambo yaleyale: acheni pembe moja ya ua bila kufagiwa, chimbeni dimbwi dogo la maji ya kuoshea mboga, pandeni nduma na vichaka vya kienyeji, msichome viota vya nyuki. Aliyekubali alitundikiwa Sikio kwenye nguzo, kidude cha mviringo kama tunda la pasheni. Lilisikiliza sauti za viumbe na kuonja hewa waliyopumua, likawahesabu. Nyumba iliyorudiwa na viumbe wengi ilipata maji ya nyongeza. Misitu ilikuwa imekwisha kufa, na Idara ilisema bustani za watu ndizo zitakazowarudisha wanyama.

Wakesho alichuchumaa kando ya dimbwi. Ukungu uliotanda tangu juzi ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuliona paa la jirani. Akasubiri.

Mlio ukaja. Ulianza kama bawaba kavu inayofunguliwa polepole, kisha ukakatika kwa milio miwili mifupi, kama matone yakidondokea kwenye sufuria tupu.

Mwili ulimsisimka. Katika mafunzo walisikilizishwa sauti za wanyama waliotoweka, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosomewa majina ya marehemu. Sauti hii ilikuwa mojawapo. Chura wa mgongo wa shaba. Alisikika mara ya mwisho kabla mama yake Wakesho hajaolewa.

Aliinua jani la nduma kwa ncha ya kalamu. Chini yake, pale jani linaposhikana na bua, kulikuwa na mayai yamegandana kama shanga za kioo, na kila yai lilikuwa na doa jeusi lililotikisika. Majani mengine yalikuwa vivyo hivyo. Katikati ya mabua walikaa vyura wawili, kila mmoja mdogo kuliko kifundo cha kidole gumba, migongo yao ikimetameta.

"Umemwona?" Mama Righa aliuliza. "Mtoe basi."

Wakesho alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Akainua macho kulitazama Sikio juu ya nguzo, na kicheko kikamwisha. Taa yake ndogo ilikuwa ya rangi ya chungwa. Sikio lilikuwa na habari tumboni na halijaipeleka. Masikio ya Ghombonyi yalipeleka habari zake kwa mwanga, kutoka kilima hadi mnara wa tambarare, na mwanga haupenyi ukungu. Ukungu ukiinuka tu, Idara ingejua.

Hilo lingepaswa kumfurahisha. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akafungua kibao chake cha kielektroniki ili aandike taarifa, na kibao, kama kilivyozoezwa, kikamfungulia kwanza Sheria ya Marejeo.

*

Sheria aliijua. Mnyama aliyehesabiwa kuwa ametoweka akirudi mahali, watu huondoka mahali hapo. Duara la nusu kilomita huchorwa, na ndani yake hakai mtu tena. Ilitungwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya makampuni, na bustani za nyumbani hazikuguswa. Hilo Wakesho alikuwa amewaambia watu kwenye kila mlango aliobisha. Aliwaapia.

Sasa aliutafuta mstari unaosema hivyo, na haukuwepo. Ulikuwa umeondolewa wakati wa masika, katika furushi la mabadiliko lililoshuka kwenye kibao pamoja na bei mpya za mabomba na maelekezo ya kusafisha Masikio.

Alisoma tena kuanzia juu. Msamaha mmoja tu ulibaki, nao ulihusu wanyama wanaokaa na watu, kama mbayuwayu na mjusi wa ukutani: viumbe ambao hawazai vizuri pasipo kazi ya mikono ya binadamu. Ili mnyama aingizwe humo, ilibidi aonekane anazaliana katika bustani nyingi zilizotawanyika, na ithibitishwe kuwa watu ndio wanaomlea. Chini yake kulikuwa na kifungu kimoja kifupi. Atakayemgusa au kumhamisha mnyama aliyerudi, au mayai yake, ataondolewa katika eneo hilo maisha yake yote.

"Uso umekupauka," alisema Mama Righa. "Chura ana sumu?"

"Hana sumu, mama. Kaa kidogo nikueleze."

Alipomaliza, bibi yule alikuwa ameuegemeza ufagio ukutani.

"Mimi niondoke hapa? Kwa ajili ya hicho kinacholia?"

"Wewe na nyumba zote zilizo karibu."

"Na nani atamwagia maji nduma?"

"Hakuna."

"Basi zitakauka, naye atakufa. Serikali gani hiyo haijui kitu kidogo hivyo?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshamwambia Kisombe. Jana, kuhusu kelele. Alisema atakuja kutazama."

Kisombe alikuwa mwashi, na nyumba yake ilipakana na ile ya Mama Righa. Alikuwa pia shemeji yake Wakesho, mume wa dada yake. Katika kilima kizima yeye ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi kukubali bustani. Alizaliwa tambarare ya chini. Alipokuwa kijana, tandawala mmoja aliyehesabiwa kuwa ametoweka alitua katika mtama wa baba yake, na jua halikuchwa kabla familia haijapakiwa kwenye lori. "Ndege mmoja," alikuwa akisema. "Hata hakukaa. Aliruka kesho yake." Baba yake alifia kambini. Wakesho alimshawishi mwishowe kwa kumwonyesha mstari wa msamaha, ule ambao sasa haukuwepo.

Alifika akiwa na ndoo. Wakesho aliusikia mpini wake ukigonga kabla hajamwona mtu, na ukungu ulipomtoa, aliona kwamba ndoo ilikuwa imejaa chokaa.

"Ni kweli?" Kisombe aliuliza. Hakusalimu. "Nimesikia unavyoeleza, nilikuwa nyuma ya ua. Ni kweli wameuondoa?"

"Ni kweli, shemeji."

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi."

Alimtazama kwa muda mrefu, akaonekana kuamini, na kuamini huko hakukumsaidia. "Una ufunguo wa Masikio," alisema. "Lisafishe hili. Futa lilichosikia."

"Nikilifuta, litasikia tena saa ijayo. Wanalia mchana kutwa."

"Hawatalia." Alipiga hatua kuelekea dimbwini.

Wakesho alisimama mbele yake. Hakuwa mtu wa nguvu, na Kisombe alikuwa amebeba mawe maisha yake yote. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliisikia harufu kavu ya chokaa ikimkereketa koo.

"Pengine hawa ndio wa mwisho duniani," alisema.

"Na mimi nina watoto wanne. Dada yako ana mimba. Unataka nikalale tena kwenye turubai? Niambie hivyo, Wakesho. Niambie kwa mdomo wako kwamba chura huyu ni bora kuliko sisi."

"Sitasema hivyo."

"Basi toka."

Hakutoka. Mama Righa alikuja akaushika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, akauning'inia kama mtoto, na Kisombe, ambaye asingeweza kumsukuma mwanamke wa umri ule, alibaki amesimama anahema.

"Ipo njia nyingine," Wakesho alisema. "Sina hakika nayo. Inaweza kuwa mbaya kuliko hii. Nipe nafasi niwaambie watu. Wakikataa, sitasimama tena hapa. Nitalifuta Sikio kwa mkono wangu, na wewe ufanye utakalo."

Kisombe aliitazama mbingu isiyoonekana. "Ukungu ukiinuka kabla hujamaliza?"

"Basi tumepotea sote."

Aliiweka ndoo chini, lakini hakuiacha mbali.

*

Walikutana kwenye tangi la maji, kwa sababu kengele yake husikika kilima kizima. Walikuja na makoti na vijiko vya kupikia, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na katika ukungu ule kila mtu aliwaona tu wale waliosimama karibu naye. Wakesho alipanda kwenye ngazi ya tangi. Mara nyingi alikuwa amesimama hapo akiwaambia faida za nyuki.

Aliwaambia yote. Chura, mstari uliofutwa, duara la nusu kilomita. Alitaja nyumba zilizomo ndani ya duara, na wenye nyumba hizo walisikika wakivuta pumzi. Yeye mwenyewe aliishi juu kabisa, nje ya duara. Hilo nalo alilisema.

Kisha akaeleza njia. Mayai yalikuwa mengi. Kama yangegawanywa na kuwekwa kwenye nduma za bustani nyingi, juu na chini ya kilima, Masikio yangeyaonja hewani yote kwa pamoja, na chura angeonekana kuwa mnyama anayekaa na watu. Hapo hakuna ambaye angeondoka.

"Na kama Idara haikukubali?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani ya ukungu.

"Basi kila bustani yenye mayai itakuwa na duara lake. Kilima chote kitaondolewa."

Manung'uniko yalipanda kama maji yanayochemka.

"Kwa hiyo wale wachache wataondoka peke yao," alisema mtu, "na sisi wengine tuko salama tukikaa kimya."

"Ndiyo. Mkikaa kimya, ninyi wengine mko salama."

"Na unatuomba tusikae kimya."

"Ninawaomba. Siwalazimishi. Wala siwaapii chochote. Niliwaapia mara moja, na mmeona."

Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alisogea hadi chini ya ngazi. Alikuwa Malemba, mwenye duka, ambaye ua wake ulikuwa na saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuwahi kukubali hata chungu kimoja cha maua.

"Binti yangu Mghoi hatoki kitandani," alisema. "Mnalijua hilo. Mashine inayompumulisha imefungwa ukutani. Akipandishwa kwenye lori, hafiki chini akiwa hai. Mimi nakataa. Lakini nikuulize, mama. Nikikataa mimi na jirani yangu akakubali, duara lake litaimeza nyumba yangu. Sasa umekuja kuniuliza nini?"

Wakesho hakuwa amelifikiria. Watu wote walimgeukia. Alimwona Kisombe pembeni ya umati, mikono yake imepauka kwa chokaa, akimtazama kama mtu anayetazama ukuta unaokaribia kuanguka.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba wengi wape. Wengi walikuwa wameanza kutikisa vichwa kukubali.

"Umeuliza sawa, baba," alisema. "Ukikataa, sitaweka yai hata moja katika bustani yoyote ambayo duara lake linaigusa nyumba yako."

"Hizo ni bustani nyingi!" Kisombe alipaza sauti. "Nyumba yake iko katikati ya kilima! Utabaki na nini?"

"Nitabaki na zilizobaki."

"Hazitatosha!"

"Pengine hazitatosha."

Malemba alionekana amekuja tayari kwa ugomvi na sasa hakujua aupeleke wapi. "Nakataa," alirudia, kwa sauti ndogo zaidi, akaondoka.

Wengine, wengi wao majirani zake, waliondoka nyuma yake. Hakumlaumu hata mmoja. Waliobaki walikuwa wachache kuliko alivyotarajia na wengi kuliko alivyoogopa.

*

Wakesho alimkataza mtu yeyote asiyashike mayai. Kisombe alitaka kumsaidia, na vijana wenye miguu myepesi walijitolea, lakini aliwaambia wao wafungue mageti na waoneshe njia, basi. Alisema ngozi ya mikono yao ina chumvi nyingi. Ulikuwa uongo. Kile kifungu kifupi kuhusu kugusa mayai kilikuwa mzigo wake yeye, na hakutaka kuugawa.

Alitumia upawa wa Mama Righa, ule wa kugawia uji. Aliyakusanya mayai pamoja na maji yake, jani baada ya jani, akaacha sehemu pale alipoyakuta chini ya wale wawili. Mwanzoni yai moja lilipasukia kwenye ukingo wa upawa, likawa ute tu. Alilitazama. Hakuna aliyejua lingekuwa chura wa ngapi.

"Endelea," Mama Righa alisema. "Hata mimba za watu huharibika."

Walianza na nyumba za juu. Ukungu uliwafunika, na kwa muda ilikuwa kama kazi ya kawaida: geti, dimbwi, jani la nduma, upawa ukiinamishwa polepole hadi shanga zishike. Wenye nyumba walisimama kando. Mwanamke mmoja aliomba aoneshwe, akachungulia, akasema, "Ndio hawa tu?" kisha akafunga geti lake kwa uangalifu, kama mtu aliyeweka mtoto kulala.

Katikati ya kilima waliruka. Walipita nyumba ya Malemba na nyumba zote zinazoizunguka, zikiwemo mbili ambazo wenyewe walisimama nje wakipunga mikono na kuomba wapewe. Wakesho aliwatikisia kichwa. Nyuma ya dirisha la Malemba mashine ilipumua, taratibu.

Walipofika nyumba za chini, Wakesho aliona kivuli chake ardhini. Kilikuwa hafifu, lakini kilikuwa kivuli.

"Unaondoka," Kisombe alisema. "Wakesho, ukungu unaondoka. Kimbia."

"Nikikimbia yatamwagika."

Alitembea. Kisombe alitembea mbele yake akifungua mageti kwa mabega, akipiga kelele kwa wenye nyumba waondoe mbwa. Paa zilianza kujitokeza, kisha miti, kisha ukingo wote wa kilima, na mbali chini tambarare ya njano ikafunguka kama mkeka. Aliuinamisha upawa kwenye nduma ya bustani ya mwisho wakati jua linaupiga ukuta. Juu ya nguzo, taa ya Sikio ikawa kijani. Akageuka kutazama mlimani. Nguzo baada ya nguzo, taa za kijani zilikuwa zinawaka, na miale myembamba ya mwanga ikielekea mnarani.

Kisombe aliketi chini palepale, katikati ya njia.

*

Afisa Nkatha wa Idara alishuka kesho yake kwa chombo cha mabawa manne, kikatua kwenye uwanja wa shule na kupeperusha vumbi la chaki. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, na Wakesho alimheshimu, kwani ndiye aliyemfunza kazi. Hakutaka chai. Alitaka wakae mahali ambapo Sikio lingewasikia, kwa kuwa mahojiano ni lazima yahifadhiwe. Walikwenda kukaa kwa Mama Righa.

Afisa alikiweka kibao chake mezani. Kilionyesha Ghombonyi kama inavyoonekana na ndege, na juu yake maduara mekundu yamepandana kama magamba ya samaki.

"Kibao kimeniandalia amri," alisema. "Kuondoa karibu kilima chote. Inasubiri alama ya kidole changu. Nimekuja kwa sababu sikutaka kuiweka bila kuona. Jana asubuhi hapakuwa na chura hata mmoja. Leo wako kila mahali. Nieleze."

"Mvua zilikuwa nzuri," alisema Kisombe haraka. Alikuwa amesimama mlangoni. "Walikuwepo tu, afisa. Ukungu ndio uliozuia wasisikike."

Wakesho alimtazama kwa mshangao. Mtu huyu alikuwa amekuja na chokaa.

"Pengine," alisema Nkatha. "Kama walijisambaza wenyewe, ni wanyama wa mwitu, na amri inasimama." Akaweka kidole katikati ya ramani, pasipokuwa na duara, ambapo kilima kilibaki na rangi yake. Palikuwa pakubwa, na palikuwa pa mviringo kabisa. "Lakini hapa pananisumbua. Kuna madimbwi hapa, kuna nduma. Katikati kuna nyumba moja yenye saruji. Sijawahi kumwona chura anayejua kupima nusu kilomita kutoka kwa mtu asiyemtaka."

Dimbwini mlio ulianza, ule wa bawaba kavu, na Mama Righa akaguna.

"Nani anaishi hapo?"

"Mzee mmoja na binti yake mgonjwa," alisema Wakesho.

"Alikataa?"

"Aliulizwa, akakataa."

Nkatha aliegemea nyuma. Aliongea polepole sana, akichagua maneno, na macho yake yalikwenda mara moja kwenye nguzo. "Wakesho, sikiliza vizuri. Ipo njia moja tu ya kuibatilisha amri hii. Ni mtu aseme, hapa, kwamba mayai hayo yaligawanywa na kulelewa kwa mikono. Akilisema, ni ushahidi, na kilima kitaandikwa kuwa makazi ya watu na vyura. Akilisema, siwezi pia kulifuta. Unakumbuka linalofuata."

"Nakumbuka."

"Linalofuata ni lipi?" Kisombe aliuliza. "Wakesho? Ni lipi?"

Hakumgeukia, kwa sababu angemgeukia asingeweza kusema. Aliutazama ua wa Mama Righa, pembe isiyofagiwa, ufagio umelala. Aliogopa. Hakujua maisha mengine zaidi ya kupanda na kushuka kilima hiki, na dada yake angejifungua hivi karibuni.

Akasema kwa sauti ya kutosha kufika juu ya nguzo. "Mimi Wakesho Mwadime nimeyahamisha mayai hayo. Niliyagusa peke yangu. Wenye bustani walinifungulia mageti, hawakugusa kitu. Maji wanayoishi humo vyura ni maji ya kuoshea mboga za watu, na nduma zimepandwa na watu. Watu wakiondoka, vyura watakufa. Nimesema kweli."

Kisha maduara kwenye ramani, moja baada ya jingine, yakabadilika rangi yakawa ya kijani, na nafasi ya alama ya kidole ikatoweka kwenye kibao.

"Ulituambia ni chumvi," alisema Kisombe. "Chumvi ya mikono yetu." Akatoka nje, na walimsikia akiipiga teke ile ndoo, ambayo sasa ilikuwa tupu, ikabiringika hadi barabarani.

Nkatha aliinuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. "Una siku ya leo ya kufunga mizigo," alisema. "Nitakuachia kibao chako nikiweza. Hapana, siwezi. Samahani, mwanangu."

Mayai ya bustani nyingi yalioza, Wakesho alikuja kusikia baadaye. Yaliyopona yalianguliwa katika nyumba chini ya kumi. Zilitosha kuushikilia msamaha.

*

Makazi aliyopelekwa yalikuwa tambarare, safu za nyumba za bati na ua wa mchanga uliofagiwa hadi ukang'aa. Hakuna aliyemjua, naye hakujitambulisha kwa yeyote. Aliteka maji, alipika, alilala. Alijiambia kwamba hatabisha mlango wa mtu tena.

Lakini pembe moja ya ua wake hakuifagia. Haikuwa nia, mkono tu haukufika. Nyasi ngumu ziliota, kisha mmea mmoja wenye maua ya zambarau usiojulikana umetoka wapi, na asubuhi moja alikuta nyuki wanne juu yake, wembamba, wenye vumbi.

Jirani yake alikuwa mwanamke aitwaye Dhahabu, mwenye kicheko kikubwa na watoto wengi. Alikuja uani na kikombe kuomba chumvi, akasimama katikati ya hatua.

"Ni nini hicho kinacholia?"

"Nyuki."

"Nyuki wenyewe? Wa kweli?" Dhahabu alisogea, akachuchumaa, akasahau kikombe. Alitazama kwa muda. "Umewaletaje?"

"Sikuwaleta. Niliacha tu."

"Na mimi naweza kuacha? Kwangu kuna pembe kule nyuma, kubwa kuliko hii. Watoto wangu hawajawahi kuwaona. Niambie nipande nini, nianze hata leo."

Maneno yote yalimjia Wakesho mdomoni, yale aliyoyasema kwenye milango ya kilima kizima, jinsi ya kuchimba na cha kupanda, uzuri wake, maji ya nyongeza. Aliyaacha yapite. Akavuta kigoda, akakipangusa mchanga kwa kiganja, akamsogezea mgeni.

"Kaa kwanza," alisema. "Nianze na hatari zake. Ukishazisikia zote na bado unataka, ndipo tutaongea habari ya mbegu."

Dhahabu alikaa.